Jumba la Royall, Medford: programu za historia ya utumwa zinazompa Belinda nafasi ya mbele

Majumba mengi ya kihistoria ya kaskazini-mashariki mwa Marekani humpokea mgeni kwa samani za thamani, vyombo vya fedha na picha za mabwana waliokuwa wakiishi humo, na habari za utumwa, zikitajwa, huachiwa sentensi mbili tatu karibu na mlango wa jikoni. Jumba liitwalo Royall House and Slave Quarters, lililoko katika mji wa Medford, jimbo la Massachusetts, kilomita zipatazo 8 kutoka katikati ya Boston, limeupindua mpango huo. Hapa utumwa ndio habari yenyewe, na utajiri wa mabwana unaonyeshwa kama ushahidi wa kazi iliyofanywa na watu waliomilikiwa nao. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wazungumzaji wa Kiswahili waishio New England, kuanzia Wakenya wa Lowell hadi Wakongo wa Worcester na Lewiston, pamoja na yeyote atakayepita huko kwa masomo au kwa kutembelea jamaa. Maoni yangu ni kwamba programu za jumba hili zinastahili mtu afunge safari kwa ajili yake, na nitaeleza sababu zangu pamoja na mambo ambayo ningependa yaongezwe.

Yafaa kwanza msomaji aijue familia yenyewe, kwa sababu ziara nzima imejengwa juu ya hesabu zake. Isaac Royall mkubwa aliondoka New England akiwa bado kijana, akaenda kisiwa cha Antigua katika bahari ya Karibi, akamiliki shamba la miwa na kufanya biashara ya sukari, ramu na watu. Mwaka 1732 alinunua shamba kubwa kando ya mto Mystic, katika ardhi ambayo karne moja kabla yake ilikuwa ya gavana John Winthrop. Mwaka 1736 iligunduliwa huko Antigua njama ya watumwa ya kuasi, na watu zaidi ya 80 waliuawa, wengi wao kwa kuchomwa moto wakiwa hai. Mmoja wa waliouawa alikuwa Hector, mtumwa aliyekuwa nyapara katika shamba la Royall. Mwaka uliofuata Royall alihamia Massachusetts na familia yake, akaja na watumwa wasiopungua 27, na jambo mojawapo alilolifanya alipofika lilikuwa kuliandikia Baraza la Kutunga Sheria la koloni ombi la kusamehewa ushuru wa watumwa hao, akieleza kwamba amewaleta kwa matumizi yake mwenyewe na wala si kwa kuwauza. Alifariki mwaka 1739. Mwanawe, aliyeitwa pia Isaac, alilipanua jumba likawa mojawapo ya nyumba za fahari kuliko zote katika koloni, na kwa jumla watu zaidi ya 60 walitumikishwa hapo na familia hiyo katika vizazi viwili.

Hatua chache kutoka jumba hilo limesimama jengo la makazi ya watumwa. Kwa maelezo ya wasimamizi, ndilo jengo pekee la aina yake lililosalia katika majimbo ya kaskazini ya Marekani, na kwa hilo peke yake lingetosha kumvuta mtu anayeijali historia. Wengi wetu tunapousikia utumwa wa Marekani hufikiria Virginia, Georgia na mashamba ya pamba. Hatufikirii mji wenye theluji ulio karibu na Chuo Kikuu cha Harvard. Massachusetts ilihalalisha utumwa kwa sheria yake ya mwaka 1641, mapema kuliko koloni nyingine yoyote ya Kiingereza katika bara hilo, na mtu akisimama katika uwanja ulio kati ya majengo haya mawili huiona sheria hiyo kwa macho, kwani anayetoka jengo moja huweza kuitwa kwa sauti ya kawaida na aliye ndani ya jengo jingine.

Nilivyoongozwa mimi, mazungumzo yalianzia katika jengo la watumwa, na hilo ni jambo jema. Mtu akianza na jumba kubwa, macho hushughulishwa na nakshi, na baadaye inakuwa kazi kuyarudisha. Tulioneshwa sehemu ya vitu vilivyofukuliwa na wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Boston kati ya mwaka 1999 na 2001, na miongoni mwake vilikuwamo vitu vidogo ambavyo vilinishika kuliko samani zote nilizoziona baadaye, yaani vipande vya vyombo vya udongo vilivyovunjika, vikasuguliwa kingo zake hadi vikawa mviringo, vikatumika kama kete za kuchezea. Ukubwa wake ni wa kutosha kushikwa kwa vidole viwili. Kingo ni laini, lakini si sawa pande zote, na hivyo inaonekana wazi kwamba kipande kimesuguliwa kwa mkono juu ya jiwe na kwa muda mrefu. Mwongozaji hakutuambia ulichezwa mchezo gani, kwa sababu hakuna ajuaye, na nilimheshimu kwa kuacha pengo hilo wazi badala ya kulijaza kwa hadithi tamu. Kinachojulikana kinatosha: kuna mtu ambaye siku yake yote ilikuwa ya mwingine, naye alipata saa ya usiku iliyo yake, akaketi na wenzake na kucheza.

Ndani ya jumba kubwa kazi ya waongozaji ni kuhakikisha kwamba hakuna chombo kinachotajwa bila mkono uliokishika. Ukioneshwa tanuri, unaulizwa ni nani aliyeamka alfajiri kuwasha moto na alilala wapi. Ukioneshwa meza ya chai, unakumbushwa sukari ilikotoka, ni nani aliyekata miwa yake na kwa nini familia iliyoishi Massachusetts iliendelea kupata mapato kutoka kisiwani. Upande wa magharibi wa jumba mbao za ukuta zimechongwa ili zifanane na matofali makubwa ya mawe, na katika chumba bora cha juu nguzo za mbao zimepambwa zionekane kama marumaru. Mambo haya, ambayo katika jumba jingine yangesifiwa kama ufundi na basi, hapa yanasaidia kueleza hamu ya familia ya wafanyabiashara kuonekana kama makabaila wa Uingereza, na gharama ya hamu hiyo iliangukia wapi. Chumba kilicho juu ya jiko kinaelezwa kama mahali palipolala baadhi ya watumwa wa ndani, waliotakiwa kuwa karibu usiku na mchana. Watu wa pwani waliozikuta simulizi za nyumba kubwa za mabwana wa zamani hawatahitaji maelezo marefu kuhusu jambo hilo, kwani mtumwa wa ndani alikula vizuri kidogo kuliko wa shambani, lakini hakuwa na mlango wa kuufunga.

Hata hivyo moyo wa programu hizi ni Belinda, mwanamke aliyekuwa mtumwa wa familia ya Royall, na ndiye anayelitofautisha jumba hili na mengine.

Mwezi Aprili 1775, siku chache kabla ya mapigano ya Lexington yaliyoanzisha vita vya uhuru wa Marekani, Isaac Royall mdogo aliondoka Medford, akaenda Halifax na hatimaye Uingereza, asirudi tena. Akiwa Halifax alimwandikia daktari mmoja wa Medford aliyemwachia mali yake, akimwagiza awauze watumwa waliobaki. Stephen na George walikuwa wamemgharimu pauni 60 kila mmoja, naye alikuwa tayari kuchukua 50, au hata 15 kwa kila mtu. Hagar alimgharimu 35, angekubali 30. Mira vilevile 35, angekubali 25. Barua hiyo inapotajwa katika ziara watu hunyamaza, na ni kwa sababu ya wepesi wa mwandishi wake: anapunguza bei za watu kama mchuuzi anayetaka kufunga soko mapema. Alifariki mwaka 1781, na katika wosia wake aliandika kwamba Belinda awe mali ya binti yake Mary endapo hatachagua uhuru, na akiuchagua, basi apate mdhamini wa kuhakikisha kwamba hatakuwa mzigo kwa mji wa Medford. Maana yake ni kwamba bibi kizee aliyemaliza nguvu zake zote katika kazi ya nyumba hiyo aliambiwa atafute mtu wa kumdhamini uzeeni, huku mwenye kufaidi nguvu hizo akiwa hadaiwi chochote.

Belinda hakukubali hesabu hiyo. Tarehe 14 Februari 1783 alipeleka ombi la maandishi katika Baraza la Kutunga Sheria la Massachusetts, baraza lilelile ambalo miaka 46 kabla yake lilipokea ombi la Royall mkubwa la kusamehewa ushuru. Alitaka alipwe posho kutoka mali ya Royall iliyobaki nchini, yeye pamoja na binti yake Prine aliyekuwa mgonjwa. Ombi linaeleza alikozaliwa, karibu na mto Volta katika nchi ambayo leo ni Ghana, na jinsi alivyotekwa kabla ya kutimiza miaka 12, alipokuwa katika kijisitu kitakatifu akisali pamoja na wazazi wake, na watu ambao nyuso zao zilikuwa kama mwezi, na pinde na mishale yao kama ngurumo na umeme wa mawinguni. Kisha linakuja dai lenyewe, ambalo kwa Kiswahili laweza kusomeka hivi: uso wa mwombaji sasa umechorwa mifereji na wakati, na mwili wake umepinda kwa uzito wa miaka, ilhali kwa sheria za nchi ananyimwa hata tonge moja la utajiri ule mkubwa, ambao sehemu yake imekusanywa kwa kazi yake mwenyewe, na wote kwa jumla umeongezwa kwa utumwa wake.

Chini ya maneno hayo iko alama yake ya msalaba, kwa kuwa hakujua kuandika. Baraza lilimkubalia pauni 15 na shilingi 12 kwa mwaka. Malipo yakakatika. Akarudi barazani tena na tena, hadi mwaka 1793, akidai kile ambacho sheria ilikwisha kumpa. Programu za jumba hazifichi sehemu hii ya pili, na ninaisifu kwa namna ya pekee, kwa sababu ingekuwa rahisi kukomea kwenye ushindi wa mwaka 1783 na kumwacha mgeni aondoke akiwa na furaha. Mwongozaji aliyetuongoza alisisitiza kwamba ushupavu wa kurudi unaeleza mengi kuliko ombi la kwanza, na nakubaliana naye kabisa. Dai la haki lililokubaliwa kwa maandishi na kukataliwa kwa vitendo ni jambo ambalo mjane yeyote wa kwetu aliyefuatilia mafao ya marehemu mumewe analifahamu.

Sisi tuliosoma shule za Afrika Mashariki tulifundishwa ukomeshaji wa biashara ya utumwa kwa njia ya mikataba. Tulikariri mkataba wa Moresby wa mwaka 1822, wa Hamerton wa mwaka 1845 na ule wa mwaka 1873 uliofunga soko la Mkunazini, Unguja, na katika mtihani majina yaliyotakiwa yalikuwa ya Waingereza na masultani. Watumwa wenyewe walikuwa kundi lisilo na sauti, lililokombolewa na wengine. Mafunzo yanayotolewa Medford yanamlazimisha mtu kuuliza upya. Huko Massachusetts hapakuwa na sheria moja iliyotangaza kwamba utumwa umekwisha. Katiba ya jimbo ya mwaka 1780 ilisema kwamba watu wote wamezaliwa huru na sawa, na watumwa wenyewe ndio walioyachukua maneno hayo wakaenda nayo mahakamani. Elizabeth Freeman, aliyekuwa mtumwa katika nyumba ya John Ashley huko Sheffield, alishinda kesi yake mwaka 1781. Kesi za Quock Walker wa wilaya ya Worcester zilikamilika mwaka 1783 kwa maelezo ya Jaji Mkuu William Cushing kwamba utumwa hauwezi kupatana na katiba hiyo. Sensa ya mwaka 1790 haikuandika mtumwa hata mmoja katika jimbo lote. Belinda yumo katika mkondo huohuo, ila yeye alikwenda mbali zaidi ya uhuru, akadai ujira.

Hapo ndipo ninapoona thamani kubwa zaidi ya programu hizi kwa msomaji wa Kiswahili. Uingereza ilipokomesha utumwa katika makoloni yake kwa sheria ya mwaka 1833, ilitenga fidia ya pauni milioni 20, na zote zilikuwa za wamiliki. Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya tarehe 6 Aprili 1897 iliyohusu Unguja na Pemba ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru, ikampa bwana wake haki ya fidia, na ikawaacha nje masuria. Katika habari zote mbili aliyepoteza mali ndiye aliyehesabiwa kuwa na hasara. Mtu anayetoka kuisoma amri ya mwaka 1897 akaenda kulisoma ombi la mwaka 1783 anaona kwamba swali la nani anamdai nani lilikwisha kuulizwa na mwanamke mmoja wa Kiafrika zaidi ya karne moja kabla, na lilipata jibu, ingawa jibu hilo lilitekelezwa nusunusu.

Mbali na ziara, jumba huandaa mihadhara ya wazi, na baadhi yake hufanyika ndani ya jengo la watumwa lenyewe. Ni chumba kisicho kikubwa, na ukaribu wa watu unasaidia, kwani maswali huulizwa kama yanavyoulizwa barazani, na msemaji hana mahali pa kujificha. Ubora wa mihadhara hutegemea msemaji, kama ilivyo popote, lakini uchaguzi wa mada ni wa makini, maana wanahistoria, wanaakiolojia na wanasheria hupewa nafasi ya kueleza jinsi walivyofikia wanayoyajua. Wahenga walisema usiandikie mate na wino ungalipo, na waandaaji wanaonekana kulishika neno hilo. Orodha ya mirathi, wosia, barua na maombi ya barazani ndiyo yanayotangulia, na hisia hufuata baadaye.

Mada ambayo hujirudia, na kwa haki, ni ile ya Harvard. Isaac Royall mdogo aliacha katika wosia wake ardhi ya kugharimia uprofesa, na kutokana nayo uprofesa wa kwanza wa sheria katika chuo hicho ulianzishwa mwaka 1815, na shule ya sheria miaka miwili baadaye. Kuanzia mwaka 1936 shule hiyo ilitumia ngao yenye miganda mitatu ya ngano, iliyotokana na nembo ya familia ya Royall. Wanafunzi waliipinga kwa nguvu, na mwaka 2016 ikaondolewa. Mwaka 2019 Waziri Mkuu wa Antigua na Barbuda, Gaston Browne, alikiandikia chuo akitaka fidia, na mwaka 2022 Harvard ilitangaza kutenga dola milioni 100 kwa ajili ya kushughulikia urithi wake wa utumwa. Mabishano yote haya huwa hewani kwa mtu anayeyasoma gazetini. Akiyasikia akiwa ameketi katika jengo walimolala watu ambao kazi yao ndiyo iliyonunua ardhi ile, yanapata uzito mwingine, na ni vigumu kwake kuendelea kusema kwamba mambo ya kale yaachwe yalale.

Kuna pia programu za wanafunzi, na hizi nazipendekeza kwa wazazi wetu bila kusita. Watoto wetu wanaosoma Marekani wako katika hali ya pekee. Darasani wanaingizwa katika kundi la weusi na kutarajiwa wajue habari za utumwa wa Marekani kana kwamba walirithishwa na bibi zao, na nyumbani wazazi huwaambia kwamba hayo si yetu, sisi tulikuja kwa ndege. Kauli zote mbili zinawadhulumu. Katika programu hizi mtoto huwekewa mbele maisha ya watu wawili waliokaa uwanja mmoja, mmoja akiwa na uwezo wa kumwuza mwenzake, na hutakiwa kutafuta ushahidi wa maisha ya yule ambaye hakuandika kitu. Ningemshauri mzazi asimpeleke mtoto aliye chini ya darasa la tano, kwa kuwa habari ya Antigua ni nzito, na ningemshauri vilevile asimwache mtoto aende peke yake na shule, bali aingie naye ziara siku nyingine ili mazungumzo yaendelee nyumbani kwa Kiswahili.

Nakuja sasa kwa yale ambayo yangeweza kuboreshwa. La kwanza ni kwamba ziara hutegemea sana karatasi za mabwana, na hili halikwepeki, lakini mgeni anaweza kutoka akimjua Belinda vizuri na wale wengine 60 kama majina tu. Ningependa watu kama Stephen, George, Hagar, Mira, Betsey na mwanawe Nancy wapewe muda zaidi hata pale ambapo kinachojulikana ni mstari mmoja, kwa sababu mstari huo ukisomwa polepole unasema mengi. Betsey, kwa mfano, aliachiwa katika barua ya Halifax hiari ya kubaki au kuwa huru, lakini Nancy aliagizwa awekwe mwaka kwa mwaka katika nyumba ya watu wengine. Mama aliyepewa uhuru bila mwanawe alipewa kitu gani? Swali hilo peke yake lingejaza nusu saa ya ziara.

La pili ni upeo wa bahari. Programu zinaeleza kwa ustadi safari ya Afrika Magharibi, Karibi na New England, na karne ya 18 ndiyo karne ya jumba hili, kwa hiyo silaumu. Lakini Massachusetts iliigusa pia pwani yetu, na kwa biashara iliyofungamana na utumwa pande zote mbili. Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1833, na balozi wake wa kwanza Unguja, Richard Waters, aliyeanza kazi mwaka 1837, alikuwa mfanyabiashara wa Salem, mji usio mbali na Medford. Merikani iliyovaliwa kutoka Unguja hadi Tabora na Ujiji ilifumwa katika viwanda vya jimbo hili kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani, na pembe za ndovu zilizobebwa mabegani na wapagazi na watumwa hadi pwani zilifika Connecticut zikawa vitufe vya piano. Mhadhara mmoja kwa msimu juu ya uhusiano huu ungewaleta watu wetu kwa wingi, na nina hakika ungewafundisha pia wenyeji wa Medford jambo. Kwa sasa anayetaka upande huo itambidi apange siku nyingine aende jumba la makumbusho la Peabody Essex huko Salem, ambalo chimbuko lake ni chama cha mabaharia cha mwaka 1799, na aunganishe habari mwenyewe.

La tatu ni lugha. Ombi la Belinda limeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria na cha ibada cha karne ya 18, chenye sentensi ndefu mno, na mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu au ya nne, kama walivyo wengi waliotoka Kivu na Burundi, hawezi kulifuata likisomwa mara moja kwa sauti. Dawa ni kulisoma kabla ya kwenda. Ni fupi na linapatikana kwa urahisi, na msomaji mmoja mwenye Kiingereza kizuri anaweza kuwafasiria wenzake wote garini. Vikundi vya makanisa na misikiti vinavyopanga matembezi ya kiangazi vitafanya vema kumteua mtu wa namna hiyo mapema.

Kuhusu kufika, treni ya Green Line siku hizi inakwenda hadi kituo cha Medford/Tufts, na kutoka hapo mtu mzima mwenye afya anaweza kutembea kwa miguu hadi jumbani, lililoko mtaa wa George, namba 15. Ziara za wazi hufanyika hasa siku za mwisho wa wiki katika miezi ya joto, kwa hiyo anayekuja wakati wa baridi aangalie ratiba kwanza, na vikundi viombe nafasi mapema. Jumba ni la kale na lina ngazi, jambo la kuzingatiwa na wazee na wenye shida ya magoti. Kiingilio ni cha kawaida, na kwa maoni yangu ni kidogo kulingana na kazi inayofanywa. Wasimamizi walionipokea walikuwa na adabu, walijibu maswali bila haraka, na palipokosekana ushahidi walisema hivyo.

Mwenye siku nzima ningemshauri aanze Medford asubuhi, ale chakula cha mchana, kisha aende Cambridge, katika uwanja wa shule ya sheria ya Harvard. Hapo mwaka 2017 liliwekwa jiwe la kumbukumbu kwa heshima ya watumwa ambao kazi yao ilizalisha mali iliyowezesha kuanzishwa kwa shule hiyo. Jiwe halitaji jina la mtu hata mmoja, na waliotoka Medford asubuhi hiyo watakuwa na majina kadhaa ya kuyasoma hapo kwa sauti.